Zawadi, kiboko, sifa au kazi inayowezekana: mwalimu ashike lipi?

Januari inapofika, mwalimu wa sekondari ya kutwa hapa Tanzania hukabidhiwa Kidato cha Kwanza chenye wanafunzi sitini, sabini, wakati mwingine zaidi, na vipindi vya dakika 40. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wamepata nafasi darasani, na hilo ni jambo jema kabisa. Lakini wiki chache tu zikipita darasa linakuwa limegawanyika. Safu mbili za mbele zinajibu, katikati wananakili, nyuma wamekata tamaa. Ofisini walimu wanasema, "Hawa watoto hawana ari," na kila mmoja anashika dawa yake. Yupo anayenunua madaftari ya zawadi, yupo anayebandika majina na nafasi kwenye ubao wa matangazo, yupo anayeingia na fimbo, na yupo anayetumia nusu kipindi kuwahubiria kuhusu maisha.

Njia hizi hazilingani, na mwalimu hana muda wala fedha za kuzijaribu zote, ndiyo maana nimeona nizipambanishe hapa. Msimamo wangu ni huu: wengi tunaowaita wavivu ni watoto walioachwa na somo miaka miwili au mitatu iliyopita. Mtoto hawezi kuhongwa wala kuchapwa mpaka ajue asichokijua. Kwa darasa la namna hiyo, kazi inayolingana na uwezo wake wa leo inazishinda njia nyingine zote. Zipo hali ambazo zawadi au sifa hufaa zaidi, nazo nitazitaja.

Hataki au hawezi?

Kabla ya kuchagua, tumia kipindi kimoja kujua unachotibu. Kwa Hisabati, andika ubaoni maswali kumi: matano ya mada mnayosoma sasa na matano ya sehemu na desimali za darasa la tano. Pita katikati ya madawati huku wakifanya. Mtoto anayeruka maswali matano ya kwanza kisha akayashambulia ya darasa la tano kwa furaha, huyo anataka, ila hawezi. Anayejibu yote vizuri hapa lakini hajaleta zoezi la nyumbani tangu wiki iliyopita, huyo anaweza, ila hataki, au nyumbani kuna jambo.

Kuna kundi la tatu ambalo tunalisahau: anayesinzia kwa sababu ametoka nyumbani alfajiri bila kula na atarudi jioni bila kula. Kwake hakuna mbinu ya ufundishaji itakayotosha. Anahitaji chakula cha mchana shuleni, na hilo ni suala la kikao cha wazazi na bodi ya shule.

Ukishawatenga hivi, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Zawadi: kwa watatu bora, au kwa waliopanda?

Walimu wamegawanyika kuhusu zawadi, na tafiti mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha kila upande una haki wapi.

Ya kwanza ilichapishwa Marekani mwaka 1973. Mark Lepper na wenzake walikwenda kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, California, wakachukua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe kabla ya kuchora. La pili lilichora bila ahadi yoyote, kisha likashtukizwa na cheti kile kile. La tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu zilipowekwa tena mezani, safari hii bila zawadi, walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Mchezo uligeuzwa kibarua, na ujira ulipokatika kibarua kikaachwa. Walioshtukizwa hawakupoteza hamu yao.

Ya pili ni ya hapa jirani. Mwaka 2001 na 2002, huko Busia, magharibi mwa Kenya, wasichana wa darasa la sita waliambiwa kwamba asilimia 15 watakaofanya vizuri zaidi watapata ufadhili wa miaka miwili: shilingi 500 za Kenya kwa mwaka kwenda shuleni kwa ajili ya ada, na shilingi 1,000 kwa familia kwa ajili ya mahitaji ya shule. Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walifuatilia matokeo. Alama za wasichana zilipanda, hata za wale waliokuwa chini kiasi kwamba hawakuwa na matumaini makubwa ya kushinda. Wavulana wa shule zile zile hawakuruhusiwa kushindania ufadhili, lakini nao walipanda. Walimu walihudhuria kazini zaidi. Wilaya ya jirani ya Teso, ambako mpango haukupata imani ya wazazi kiasi hicho, matokeo yalikuwa hafifu.

Kwa nini cheti kiliharibu California na fedha zikasaidia Busia? Watoto wa Stanford walilipwa kwa jambo walilokuwa wakilifanya kwa raha zao. Mtihani wa darasa la sita hakuna aliyekuwa akiufanya kwa raha, na zawadi yenyewe iligusa hitaji la kweli, ada, kiasi kwamba wazazi na walimu nao walisukumwa. Mwalimu mwenye pakiti ya peremende asitarajie matokeo ya Busia.

Kwa hiyo usiweke zawadi kwenye ngonjera, midahalo, au majaribio ya sayansi ambayo watoto wanayakimbilia wenyewe. Iweke kwenye kazi kavu zenye mwanzo mgumu: jedwali la kuzidisha, alama za elementi, vitenzi vya Kiingereza vinavyobadilika umbo. Na mara moja moja toa bila kuahidi.

Kisha linabaki swali la nani apewe. Katika darasa la watu sabini, watatu bora wanajulikana kufikia Machi, na watakuwa walewale hadi Novemba. Wengine wote hawana sababu ya kushindana. Madaftari hayo hayo ukiwapa kumi waliopanda zaidi tangu mtihani wa mwezi uliopita, aliyetoka 12 akafika 25 anasimama mbele pamoja na aliyetoka 60 akafika 74. Gharama ni karibu ile ile, lakini idadi ya wanaoona kwamba zawadi inafikika inaongezeka sana. Shida moja ipo: anayepata 94 kila mara hana pa kupanda. Huyo mtungie maswali yake magumu zaidi. Atayapenda kuliko daftari.

Ubao wa nafasi, au kumbukumbu ya mwanafunzi mwenyewe?

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, likisema utaratibu huo hauna tija. Wapo waliosikitika, kwa sababu kumjua T.O. (Tanzania One, mwanafunzi wa kwanza kitaifa) wa mwaka kulikuwa furaha ya nchi nzima. Lakini nafasi zina upande mwingine. Chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, shule za msingi zilipangwa kwa matokeo ya darasa la saba na kila shule ikajulikana ni ya ngapi. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza kilichofuata. Shule za mkiani wilayani zilipandisha viwango vya ufaulu, na wakati huo huo idadi ya wanafunzi wao waliofika kwenye chumba cha mtihani ikapungua. Sehemu ya ufaulu ule ilipatikana kwa kuwaacha nje watoto dhaifu.

Darasani hakuna wa kumwacha nje, ila mtoto wa 63 kati ya 70 hujiacha mwenyewe. Anaanza kwa utoro wa siku za mtihani. Orodha inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo huwachangamsha kumi wa juu wanaokimbizana kwa alama moja moja, na hao ndio wasiohitaji kuchangamshwa.

Njia mbadala haina gharama. Ukurasa wa mwisho wa daftari mwanafunzi achore jedwali dogo: mwezi, alama, mada aliyoelewa, mada iliyomshinda. Ajaze mwenyewe kila unaporudisha mtihani. Wewe unapitia madaftari kumi kwa wiki unaposahihisha. Mzazi akiuliza, "Mtoto wangu amekuwa wa ngapi?" (na atauliza, ni haki yake), mfungulie ukurasa huo umwonyeshe alikotoka na anakokwamia. Ripoti ya muhula ikilazimu nafasi iandikwe, iandike. Barua ya mzazi ni tofauti na tangazo la ukutani.

Kiboko

Hapa sitakaa sana. Kiboko kinapata utulivu wa haraka na madaftari yaliyojazwa. Madaftari hayo yamejazwa kwa kunakili kwa rafiki asubuhi, kabla ya paredi. Mtoto anayeogopa fimbo haulizi swali, maana swali linamfichua kwamba hajaelewa, na asipouliza mwalimu hajui pa kurudia. Kwa kuamsha ari ya kujifunza, kiboko kinafanya kinyume.

Sheria nayo ina la kusema. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa utovu mkubwa wa nidhamu, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kuandikwa kwenye kitabu. Kukosa swali la aljebra si utovu wa nidhamu. Kenya ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaliweka wazi zaidi. Asiyeleta zoezi abaki dakika kumi wakati wa mapumziko alifanye mbele yako. Ukikaa naye utajua kama hakutaka au hakuweza.

"Wewe ni kipanga", au "nimeona ulivyofanya"?

Sifa ni bure, na ndiyo maana tunaitoa ovyo. "Mpigieni makofi!" kwa kila jibu, darasa zima, hadi makofi hayasikiki tena.

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa darasa la tano Marekani. Watoto walifanya mafumbo, wakasifiwa. Baadhi waliambiwa wamefaulu kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Walipopewa kuchagua kazi inayofuata, waliosifiwa juhudi wengi wao walitaka ngumu yenye cha kujifunza. Waliosifiwa akili walielemea ile itakayowaonyesha bado wana akili. Baada ya kupewa mafumbo magumu yaliyowashinda, wakarudishwa kwenye mepesi kama ya mwanzo. Waliosifiwa akili walishuka kuliko walivyoanza, waliosifiwa juhudi walipanda. Na walipotakiwa kuwaandikia wenzao alama walizopata, waliosifiwa akili ndio walioongoza kwa kudanganya.

Darasani kwetu jambo hili lina majina: vipanga na vilaza. Kipanga akipata swali gumu mbele ya watu anajisingizia ugonjwa. Kilaza ameshapewa ruhusa ya kutojaribu. Mwalimu anayeyatumia majina hayo, hata kwa utani, anawafunga wote wawili.

Lakini kusifu juhudi tupu nako hakutoshi. Mtoto aliyekesha akikariri kitu kimakosa, ukimwambia "umejitahidi", umemwacha palepale. Mazungumzo ya "ukijituma utaweza" yakisimama peke yake huleta mabadiliko madogo. Sifa inayofanya kazi inataja alichokifanya. "Umeandika vizio kila mstari, ndiyo maana hukupotea." "Mfano huu umeutoa kwenu nyumbani, haumo kitabuni." Kwa darasa la sabini huwezi kumsemesha kila mmoja kila siku. Unaposahihisha, pamoja na vema na kosa, andika maneno matatu kwenye madaftari ya safu moja leo na safu nyingine kesho. Nimeona watoto wakifungua daftari nje ya darasa ili wayasome maneno hayo tena.

Kazi moja kwa wote, au kila mtu na ngazi yake?

Huu ndio ulinganisho mzito kuliko yote. Mtaala unakutaka ufundishe mada iliyo kwenye azimio la kazi, na darasa lako lina watoto wa viwango vitatu au vinne tofauti. Ukifundisha kwa kasi ya mada, wa nyuma unawaacha. Ukifundisha kwa kasi ya wa nyuma, mtihani unakukuta katikati ya kitabu.

Magharibi mwa Kenya, mwaka 2005, shule 121 za msingi zilipewa mwalimu wa ziada wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mikondo miwili. Katika shule karibu nusu, watoto waligawanywa bila kujali uwezo. Nyingine, waliokuwa juu na waliokuwa chini walitenganishwa. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walipopima baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizotenganisha walikuwa mbele, na wa mkondo wa chini walinufaika pia. Mwalimu alipata watu wa kiwango kinachokaribiana na akaweza kuanzia pale walipo.

Nina tahadhari moja nzito. Tumeshaona mikondo ya "A" na "D" ambapo D hupewa mwalimu aliyechoka, au chumba kisicho na madirisha, au hakuna anayeingia kabisa. Mkondo wa namna hiyo ni jalala la watoto. Kama shule yako haiwezi kuahidi kwamba wa chini watapata mwalimu mzuri, usigawe mikondo. Gawa kazi ndani ya darasa moja.

Unafanyaje? Andika zoezi la ubaoni kwa ngazi tatu. Maswali mawili ambayo kila mmoja aliyesikiliza leo anaweza, mawili ya kiwango cha mtihani, moja la kumfikirisha kipanga. Kila mtu aanzie la kwanza, aende hadi atakapofika. Wa nyuma anapata vema mbili kwenye daftari ambalo halijaona vema tangu Februari, na wa mbele hakai akipiga soga. Pia mara mbili kwa wiki, dakika kumi za kwanza ziwe za kurudia kitu cha nyuma, mfano kugawanya kwa tarakimu mbili, katika vikundi vidogo. Dakika hizo utazifidia, kwa sababu mada ya leo haitakwama tena mahali pale.

Ngazi nyingine inayowaangusha watoto wetu ni lugha. Shule ya msingi ya serikali wamesoma kwa Kiswahili. Kidato cha Kwanza karibu kila somo ni Kiingereza. Mtoto aliyeeleza usanisinuru vizuri darasa la sita anaulizwa jambo lilelile Januari, anainamisha kichwa. Mwalimu anaandika: hana ari. Zipo shule zinazomvisha kibao shingoni anayesikika akiongea Kiswahili, kana kwamba aibu hufundisha lugha. Linganisha na hili: swali lisomwe kwa Kiingereza, wawili wawili walijadili kwa Kiswahili dakika tano, kisha kila mmoja aandike sentensi mbili za Kiingereza akisaidiwa na maneno sita uliyoyaandika pembeni mwa ubao. Mtihani wa Kiingereza unaandaliwa vilevile, na fikra za mtoto hazizimwi. Wathibiti ubora wakiuliza, wafungulie madaftari waone sentensi hizo zilivyorefuka kati ya Februari na Juni. Hili nalipigania bila kusita.

Mahubiri, au klabu?

"Someni, mtakuja kunikumbuka." Maneno haya wameyasikia kwa kila mwalimu, na mtaani wanawaona wahitimu wasio na ajira. Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia wa Keriko, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, alifanya tofauti. Shule yake ya kutwa ya kijijini ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Alikuza klabu ya kukuza vipaji na klabu ya sayansi, wanafunzi wakabuni vitu vyao hadi wakafika mashindano ya kimataifa ya sayansi, na alizitembelea familia za watoto waliokuwa karibu kuacha shule. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani. Klabu inakula muda wa jioni na haiwafikii wote sabini, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya zoezi la ngazi tatu. Lakini kwa anayeweza na hataki, kukiona anachokisoma kikitumika kunamgusa kuliko mahubiri.

Basi uchague vipi

Shule ya bweni yenye wanafunzi waliochujwa, ambao wote wanaweza: shughulika na sifa unazotoa na maswali magumu, anzisha klabu, na zawadi uziweke kando. Kidato cha Nne, miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa: zawadi ya waliopanda inafaa sana, kwa sababu lengo liko karibu na kazi ni kavu. Shule ya kata, Kidato cha Kwanza au cha Pili, watu sabini: anza na zoezi la ngazi tatu na mjadala wa Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza, na mwezi wa kwanza usinunue chochote. Mwezi wa pili ongeza jedwali la ukurasa wa mwisho. Mwezi wa tatu utakuwa na alama za kutosha kujua nani amepanda, hapo toa madaftari yako kumi.

Na jina la kila mtoto uliyemwona akisinzia kwa njaa lipeleke kwa mkuu wa shule wiki ileile uliyofanya jaribio la maswali kumi. Kuitisha kikao cha wazazi, kukubaliana debe ngapi za mahindi na maharage, na kumpata mpishi huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani, na mtoto huyo hawezi kukusubiri hadi muhula wa pili.